Teso Mvua Inapoaga

Msafiri atokaye Mbale kwenda Soroti katika siku za mwisho za Novemba huikuta nchi ya Teso katika hali isiyodumu zaidi ya majuma machache. Nyasi bado ni mbichi na madimbwi bado yana maji kando ya barabara, lakini vumbi nalo limekwisha anza kuinuka nyuma ya magari. Akiisha kupita Bukedea na kukaribia Kumi, huona jambo ambalo likiwa geni kwake litamshangaza. Juu ya majabali yaliyotapakaa katika nchi hiyo tambarare kumetandazwa vitu vyeupe, na kwa mbali mtu angedhani ni nguo zilizofuliwa. Akisogea ndipo agunduapo kwamba si nguo. Ni viazi vitamu vilivyomenywa, vikakatwa vipande vyembamba, kisha vikaanikwa juani.

Nilipoyaona hayo kwa mara ya kwanza, mwaka 2021, nilikuwa ndani ya basi pamoja na mke wangu, watoto wetu wawili na mizigo yetu yote, nikihamia Soroti kuanza kazi katika kituo kipya. Nikamwuliza mzee mmoja aliyeketi karibu nami, "Mzee, watu wale wanaanika nini?" Akatazama nje, kisha akanijibu kwa utulivu, "Wanaanika mwezi wa Aprili." Nilicheka, nikidhani ni mzaha wa kufupisha safari. Haukupita muda mrefu nikajua kwamba mzee yule hakuwa akitania.

Katika makala haya nataka kuwaeleza wasomaji, hasa ndugu zetu askari na polisi pamoja na jamaa zao, ambao kesho au kesho kutwa huenda wakapelekwa katika sehemu hizo, jinsi watu wa Teso wanavyoufurahia mwisho wa mvua na papo hapo wakajiandaa kwa majira yajayo. Mambo hayo mawili wao hawayatenganishi. Mimi nilijifunza kwa hasara.

NCHI NA MAJIRA YAKE

Teso iko mashariki ya Uganda. Upande wa magharibi imepakana na maji na mabwawa ya Ziwa Kyoga, na upande wa kaskazini mashariki inapakana na nyika za Karamoja. Mji wake mkubwa ni Soroti, ambao reli kutoka Tororo iliufikia mwaka 1929, na ambao mwaka 2020 ulipandishwa daraja ukawa jiji. Katikati ya mji limesimama jabali kubwa, na mtu akipanda juu yake hakosi kuona umbali mrefu, maana nchi yote imelala kama mkeka uliotandikwa.

Mvua za Teso ni za vipindi viwili. Kipindi cha kwanza huanza mwezi Machi na kuendelea hadi Juni. Mwezi Julai hupumua kidogo, kisha mvua ya pili hushika mwezi Agosti na kuaga Novemba. Baada ya hapo ni jua tupu, tangu Desemba hadi Februari, pamoja na upepo mkavu utokao mashariki, unaopasua midomo na kukausha visima. Ulezi, ambao wengi wetu huuita wimbi, hupandwa pamoja na mvua ya kwanza na kuvunwa mnamo Juni na Julai. Karanga nazo ni za wakati huo. Mvua ya pili huleta mtama, kunde, ufuta na viazi vitamu.

Mimi nilizaliwa katika sehemu za migomba. Kwetu mtu akitaka chakula huchukua panga akaingia shambani nyuma ya nyumba, akakata mkungu. Mgomba haujui kalenda. Mmoja ukiisha mwingine unazaa. Kwa hiyo sikuwa nimepata kufikiri kwamba chakula kina mwezi wake. Katika Teso mambo ni mengine. Huko kila nyumba inakula kwa hesabu, na hesabu hiyo hufanywa wakati chakula kingali kingi. Mwezi wa Novemba kila mtu ameshiba. Mwezi wa Aprili shamba ni kijani tupu, ulezi umefika magotini, lakini hakuna kitu cha kutia chunguni. Mwezi huo ndio ule waliokuwa wakiuanika juu ya majabali.

Msomaji huenda akauliza, kwa nini viazi visiachwe ardhini mpaka vitakapohitajiwa? Jibu ni hili. Jua likishika, udongo hupasuka, na kwa nyufa hizo huingia fukusi wa viazi, mdudu mdogo mwenye mdomo mrefu, ambaye hutaga mayai yake ndani ya kiazi. Kiazi kilichoingiwa na mdudu huyo huwa kichungu na hutoa harufu mbaya, hata nguruwe akakikataa. Na kiazi kilichochimbwa kikawekwa kibichi hakikai majuma mengi kabla ya kuoza. Hivyo mwenye viazi ana muda mfupi tu kati ya mvua ya mwisho na ufa wa kwanza wa ardhi. Katika muda huo ni lazima ale, auze na akaushe.

UTAMU WA MWISHO

Mtu asidhani kwamba siku hizo ni za jasho peke yake. La hasha! Sijaona watu wanaoufurahia mwisho wa mvua kama Waiteso.

Asubuhi watu huenda shambani na moto ndani ya kigae. Viazi vya kwanza kuchimbwa havipelekwi nyumbani. Hufukiwa ndani ya majivu ya moto pale pale, na baada ya muda huliwa pamoja na maziwa, watu wakiwa wamekaa juu ya matuta waliyotoka kuyabomoa. Majani ya kunde, ambayo huko huitwa eboo, bado ni laini, nayo hupikwa na karanga zilizosagwa. Samaki kutoka Kyoga na Ziwa Bisina hupatikana sokoni. Jioni hewa ni ya baridi kidogo, mbu wamepungua, na wazee huketi kuzunguka chungu kimoja cha ajono, pombe ya ulezi, kila mmoja akiwa na mrija wake mrefu. Maji ya moto huongezwa chunguni polepole, na mazungumzo nayo hayaharakishwi.

Yuko mama mmoja mzee, jirani yetu, ambaye mtaa mzima humwita Toto, yaani mama kwa lugha ya Kiteso. Kiswahili chake ni cha sokoni, lakini hakimzuii kusema analotaka. Siku moja nilimkuta amekaa chini ya mwembe akila kiazi cha kuchoma polepole sana, amefumba macho. Nikamsalimu, "Yoga, Toto." Akaitika, kisha akasema, "Mwanangu, kiazi cha mwezi huu usikile ukiwa umesimama. Utakikumbuka siku nyingi." Nilidhani anasifu utamu wake tu. Nilikuja kuelewa kwamba alikuwa anasifu pia wingi wake, kwa kuwa alijua tarehe utakapokwisha.

NILIVYOJIONA MTU WA MSHAHARA

Mwaka ule wa kwanza viazi vilikuwa rahisi mno sokoni. Gunia zima liliuzwa kwa bei ambayo kwetu ingenunua kapu. Mke wangu aliwaona wanawake wa nyumba za polisi, ambazo haziko mbali na nyumba yetu, wakikata viazi na kuvipeleka kwenye jabali, akaniambia, "Baba watoto, nasi tununue magunia mawili tukaushe." Nikamjibu kwa maneno ambayo sasa naona haya kuyaandika. Nilimwambia kwamba mimi si mkulima bali ni mtu wa mshahara, na kwamba chakula changu kinaanikwa benki. Naye hakubishana nami. Tulikula viazi vibichi Novemba yote, Krismasi ikaja, tukafurahi, tukapokea wageni, na mwaka ukageuka.

Mwaka huo uliofuata, yaani 2022, wasomaji wataukumbuka. Bei za petroli, sabuni na mafuta ya kupikia zilipanda nchini kote. Ilipofika Aprili mshahara wangu ulichelewa mwezi mmoja, kisha wa pili. Sokoni viazi vilikuwa vimetoweka, mahindi yalipimwa kwa kikombe kidogo, na dukani nilikuwa nimekwisha andikwa katika daftari la madeni mpaka mwenye duka akaanza kunisalimu bila kunitazama. Jioni moja mke wangu aliwapa watoto uji mwepesi, akasema kuwa yeye hana njaa. Ni mume gani asiyejua maana ya maneno hayo?

Siku ya pili yake Toto akaja. Hakubisha hodi kwa kishindo. Aliweka beseni mlangoni, limefunikwa kwa kitambaa, akasema, "Watoto wangu wale." Ndani yake mlikuwa na vipande vya viazi vikavu, vyeupe na vigumu kama vigae. Hiyo ndiyo amukeke. Mke wangu aliiosha, akailoweka, akaichemsha, akaichanganya na mchuzi wa karanga. Watoto walikula mpaka wakalala mikeka ikiwa haijatandikwa. Mimi nilikula kwa aibu, lakini nilikula. Nikamkumbuka mzee wa ndani ya basi.

Nilipokwenda kumshukuru Toto kwa Kiteso changu cha mwanafunzi, "Eyalama noi," alinijibu kwa jambo moja tu: "Mwaka huu uje kwenye jabali."

KAZI YA JABALINI

Nilikwenda. Novemba iliyofuata tulinunua magunia matatu, na mke wangu alikuwa amekwisha lima kishamba kidogo kando ya nyumba za polisi. Kazi huanza kabla ya mapambazuko. Wanawake humenya na kukata kwa taa, ili jua likichomoza vipande viwe tayari kwenda kuenezwa. Kipande kikiwa kinene hukauka nje kikaoza ndani, na kikiwa chembamba mno huvunjika kikawa makombo. Toto hupima kwa unene wa sarafu mbili zilizobebana.

Jabali hufagiwa kwanza. Vipande hutandazwa bila kupandana, hugeuzwa adhuhuri, na hukusanywa jioni kabla ya umande. Jua likiwa kali kazi huchukua siku mbili au tatu. Kazi ya watoto ni kufukuza kuku na mbuzi, na kutazama upande wa mawingu. Maana mvua ya mwisho ina hila. Hujifanya imeaga kisha ikarudi mchana mmoja bila salamu. Likitokea wingu, watoto hupiga kelele, "Akiru! Akiru!" yaani mvua, na hapo hutaona mke wa sajini wala mke wa karani, wote hukimbilia jabalini na kuzoa kwa nguo zao. Nimeona juu ya jabali lile Mwacholi, Mganda, Mkonjo na Mgishu wakisaidiana kuzoa chakula cha jirani kabla ya kuzoa cha kwao, wakielekezana kwa Kiswahili chetu cha kambini. Aliyekuja jabalini mgeni huondoka ndugu.

Namna ya pili ya kukausha ni kuvipondaponda viazi vibichi, kisha kuvianika. Vikikauka huitwa inginyo. Hiyo husagwa unga, ukachanganywa na unga wa ulezi, mtama au muhogo, ukasongwa kuwa atapa, ugali wa Teso wenye rangi ya udongo, ambao wengine huutia ukwaju ili uwe na ukali kidogo. Amukeke huchemshwa ikaliwa asubuhi au mchana. Inginyo ni ya ugali. Majirani zetu Wasukuma wa Tanzania nao wana desturi kama hiyo, na viazi vyao vikavu huviita michembe. Jua ni moja, na njaa haina kabila.

Kwa faida ya mama wa nyumbani nitaongeza mambo machache niliyofundishwa. La kwanza, amukeke iliyokauka hasa huvunjika kwa sauti. Ikipinda bila kuvunjika, irudishe juani. La pili, isiwekwe sakafuni wala isigusane na ukuta. Wenyeji huiweka ndani ya vihenge vilivyoinuliwa juu ya miti. Sisi wa nyumba za serikali tunaweza kuiweka ndani ya magunia juu ya mbao, mbali na chupa ya mafuta ya taa. La tatu, kila baada ya majuma machache ifunguliwe na kuanikwa tena, kwa sababu wapo wadudu wanaopenda viazi vikavu kama tunavyovipenda sisi. Ikitunzwa hivyo hufika Aprili, na hata Mei.

La nne linahusu viazi vyenye nyama ya rangi ya machungwa, vyenye lishe ya vitamini A, ambayo hulinda macho na afya ya watoto. Aina hizo zilianza kutolewa rasmi kwa wakulima nchini Uganda mwaka 2004. Mwaka 2016 Mganda mwenzetu, Dakta Robert Mwanga, alikuwa mmoja wa watu wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani, kwa kazi yake ya kuzalisha viazi hivyo. Lakini jua kali huipunguza vitamini hiyo. Basi viazi vya namna hiyo ni heri vikaushwe kivulini penye upepo, na viliwe mapema kuliko vile vyeupe.

MAFUNGU MATATU

Jambo kubwa nililojifunza kwa Toto lakini si la kisu wala la gunia. Kila achimbapo viazi huvigawa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni la kula sasa, nalo hulila kwa furaha bila kujinyima. Fungu la pili ni la jabalini. Fungu la tatu si viazi hata kidogo, bali ni marando, yaani ile mimea yenyewe inayotambaa. Huyakata yaliyo mazima na kuyapanda bondeni kando ya bwawa, mahali ambapo udongo hubaki na unyevu kiangazi kizima. Mvua ya Machi ikinyesha, huko ndiko atakakotoa mbegu. Asiye na marando wakati huo ataomba kwa jirani, na jirani atampa yaliyobaki, si yaliyo bora.

Ulezi nao una heshima yake. Wakati wa kuvuna, masuke makubwa kuliko yote hayapigwi pamoja na mengine. Hufungwa na kutundikwa juu ya meko, moshi ukayapaka weusi na kuwafukuza wadudu. Kila aingiaye jikoni huyaona, na kila mtu anajua kwamba hayo hayaliwi. Desemba ndiyo mwezi wa jaribu. Watoto wa mjini wamerudi nyumbani, kuna harusi na ubatizo, ajono imekwisha, na wageni bado wapo. Hapo ndipo macho ya watu huanza kupanda juu ya meko. Mzee mmoja aliniambia wakati tukiwa tumezunguka chungu, "Mwenye kunywa mbegu yake hulewa mara moja, hulevuka mwaka mzima." Sijapata kusikia hotuba ya akiba iliyo fupi kuliko hiyo.

Katika siku hizo hizo za furaha, plau nazo hutoka. Maksai hufungwa nira asubuhi na mapema, na shamba la ulezi wa mwaka ujao hupigwa plau ya kwanza kabla udongo haujakauka ukawa kama tofali. Mwenye kungoja hadi Februari atalima jiwe. Teso ilianza kulima kwa plau za ng'ombe mwanzoni mwa karne ya 20, na kwa muda mrefu ng'ombe ndiye aliyekuwa mkono wa kuume wa mkulima. Ndiyo maana msiba wa mwisho wa miaka ya 1980, mifugo iliponyang'anywa katika uvamizi na vita mpaka mazizi yakabaki matupu, ulikuwa pia msiba wa shamba. Watu walirudia jembe la mkono. Mwaka 2003 vita vya waasi wa Kony viliwafukuza watu wengi katika mashamba yao, na mwaka 2007 mafuriko makubwa yaliozesha mazao yakiwa bado ardhini. Watu waliopitia hayo hawahitaji kufundishwa kwamba majira yanaweza kuvunjika katikati. Hawajaacha kucheza ngoma mwezi Desemba. Lakini hucheza plau ikiwa imekwisha pita.

MKE WA SAJINI

Hapa ndipo nifikapo kwenye swali ambalo najua limo mioyoni mwa wasomaji wengi wa gazeti hili. Mkulima wa Teso anajua kwamba Aprili itamkuta pale pale. Je, sisi tunaohamishwa? Askari anapandaje katika ardhi ambayo huenda asiione ikizaa? Wengi wetu hujibu kwa kutopanda kabisa. Tunaishi kwenye kituo kama tunavyoishi ndani ya basi.

Novemba ya mwaka 2023 alikuwapo jabalini mke wa sajini mmoja wa polisi, ambaye mumewe alikuwa ameambiwa kwamba mwaka mpya utawakuta West Nile. Wenzake walimwambia, "Dada, pumzika. Uza viazi vyako vibichi, ujipatie nauli." Yeye akaendelea kumenya. Alikausha magunia mawili. Alipanda marando bondeni. Kisha, jambo lililowashangaza wote, akalipia maksai wa jirani wapige plau kishamba chake, akijua kwamba hatakipanda yeye.

Mimi, kwa kuwa niliwahi kufundisha shule na tabia ya kuuliza maswali haijanitoka, nikamwuliza sababu. Akajifuta mikono, akasema, "Bwana Mwalimu, sisi tulipofika hapa hatukuwa na kitu. Nyuma ya nyumba tulikuta mihogo imekomaa. Mpaka leo sijui nani aliipanda. Tulikula miezi miwili."

Hakusema zaidi, akarudi kwenye kisu chake. Januari gari la mizigo likaja. Gunia moja la amukeke lilipakiwa juu ya vitanda na masufuria, na la pili akaligawa kwa majirani, nasi tukapata sehemu yetu. Mwezi Machi ikahamia katika nyumba ile familia changa ya konstebo kutoka Kasese, na mtoto mchanga mgongoni. Mke wangu alimshika mkono yule mama, akampeleka bondeni, akamwonyesha marando. Shamba lilikuwa limekwisha pigwa plau. Kilichobaki ni matuta tu. Agosti walichimba viazi vyao vya kwanza. Yule mama aliuliza jina la aliyemwachia, ili amwombee dua.

MVUA IMEAGA TENA

Ninapoandika makala haya ni mwisho wa Novemba, na mvua imeaga, au tuseme imejifanya kuaga. Juu ya meza yangu pana barua ya serikali inayonitaka niripoti kituo kingine mwanzoni mwa Februari. Nilipoisoma mara ya kwanza moyo wangu ulikwenda mbele yangu; nilianza kuhesabu masanduku na kuulizia shule za watoto, nikawa sioni tena nchi niliyomo. Jioni Toto alinikuta nimesimama mlangoni nikila kiazi cha kuchoma huku nikisoma barua hiyo. Akanitazama tu, kisha akanivutia kigoda. Nikaketi.

Jumamosi iliyopita tulikwenda jabalini sote, hata mtoto wetu mdogo. Tumekausha magunia mawili na nusu. Moja litakwenda nasi. Marando yamekwisha pandwa bondeni, nami nimepatana na mwenye maksai kuhusu kishamba chetu. Usiku tulialikwa kwenye ajono, nikapewa mrija, na nilikaa mpaka chungu kikapoa, kwa maana sijui kama nitakaa tena katika duara lile.

Wahenga walisema akiba haiozi, na kwamba mchumia juani hulia kivulini. Semi hizo nilizifundisha darasani miaka mingi kabla sijazielewa. Ndugu msomaji uliye kambini, kama huko uliko mvua inakwisha au mavuno yanaingia, kaa chini ule ushibe, umshukuru Mungu pamoja na watoto wako. Kisha amka mapema ukaanike. Na ukiona kwamba hutakuwapo Aprili, anika hata hivyo, na upande kitu nyuma ya nyumba. Yuko mtu atakayeshuka kwenye gari la mizigo akiwa na mtoto mgongoni, naye hatakujua jina.